Shajara ya kuziba tundu la SACK Panic kwenye seva tisa (Juni–Julai 2019)

Naiandika hii kwa ajili ya mwenzangu yeyote anayelea seva chache za ofisi peke yake, bila timu nyuma yake. Sehemu zilizokwenda vizuri nimezipitia haraka. Nilipokosea nimeeleza kwa kirefu, maana huko ndiko saa zangu zilikopotelea.

Jumanne, 18 Juni 2019: habari imefika

Tangazo lilitoka jana usiku kwa saa zetu. Nimelisoma leo asubuhi, chai bado ya moto. Jonathan Looney wa Netflix amekuta matundu manne kwenye TCP, utaratibu ambao kompyuta hupelekeana data mtandaoni: matatu ya Linux na moja la FreeBSD, mifumo endeshi ya seva. Baya kuliko yote ni CVE-2019-11477 (CVE ni namba ya utambulisho wa tundu), ndilo lililopewa jina la SACK Panic. Mtu aliye mbali, asiye na akaunti wala nywila, anaweza kuiangusha kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux kuanzia toleo 2.6.29, yaani tangu 2009. Haibi kitu, hasomi faili. Seva inazimia tu, na ukishaiwasha anaweza kuizimisha tena.

Kabla ya kugusa chochote nimeorodhesha nilicho nacho. Seva zangu zina majina ya samaki, tuko Tanga bwana. Ndani ya kabati la ofisi kuna nguru (barua pepe), changu (tovuti), kolekole (risiti za matawi), tasi na pono. Jodari na papa ni za kukodi, ziko Ujerumani. Chewa iko Dar es Salaam, hukaa na nakala za akiba. Dagaa ni kontena dogo la bei poa, yaani chumba cha kupanga ndani ya seva ya mtoa huduma mmoja. Nane za kwanza ni Debian 9, aina mojawapo ya Linux. Dagaa ina kisa chake, nitakifikia.

Nimetumia nusu saa kuuelewa ugonjwa kabla ya kutafuta dawa, na naona ilinifaa baadaye. SACK ni utaratibu wa mpokeaji kumwambia mtumaji: "hiki na hiki vimefika, cha katikati sijakiona." Bila huo, pakiti (kipande cha data) moja ikipotea mtumaji anaweza kurudia hata zile zilizokwisha kufika. Kerneli ya Linux inapoambiwa kwamba vipande fulani vimefika, huviunganisha kuwa kifurushi kimoja ili foleni isiwe ndefu. Kifurushi hicho kinabeba mafungu yasiyozidi 17, na kwenye mashine zetu za kawaida kila fungu linafika kilobaiti 32. Idadi ya vipande vilivyomo ndani yake huandikwa kwenye namba ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 65,535.

Sasa piga hesabu. 17 × 32 × 1,024 ni baiti 557,056. Adui anaposema, "mimi napokea vipande vidogo sana," kerneli inamkubalia hadi baiti 48, na kati ya hizo 40 zinaweza kuliwa na vikorombwezo vya TCP. Data inabaki baiti 8. 557,056 kwa 8 ni 69,632. Namba ya biti 16 haiwezi kubeba hiyo, inazunguka na kuanza upya, inasoma 4,096. Baadaye kerneli inalinganisha hesabu zake, inakuta haziwiani, na kwa kuwa mwandishi wa msimbo aliweka BUG_ON mahali hapo, inajiua yenyewe. Miaka kumi kila mtu amepita juu ya shimo hilo.

Wakubwa wa kerneli wametoa marekebisho siku hiyo hiyo ya tangazo: 5.1.11, 4.19.52, 4.14.127, 4.9.182 na 4.4.182. Debian nayo imetoa ya kwake, 4.9.168-1+deb9u3. Shida ni kwamba kerneli mpya inataka mashine iwashwe upya, na ofisi inafanya kazi hadi Jumamosi mchana. Kwa hiyo hadi Jumamosi nitaishi na kinga za muda.

Saa 12 jioni nimezima SACK kwenye zote nane:

`sysctl -w net.ipv4.tcp_sack=0`

Kumbuka kwamba hii inagusa miunganisho mipya tu. Iliyokwisha kufunguka inaendelea na makubaliano yake ya mwanzo, kwa hiyo nimeanzisha upya huduma moja moja. Nikaenda kulala nikijiona fundi.

Jumatano, 19 Juni: dawa imemlaza mgonjwa

Saa 11 alfajiri nakala ya akiba kutoka nguru kwenda chewa ilikuwa bado inatambaa. Kwa kawaida huanza saa 6 usiku na kumaliza kabla ya saa 8. Leo imemaliza saa 4 asubuhi, watu wakiwa tayari kazini na barua pepe zikigoma kufunguka.

Njia yetu ya kwenda Dar inapita angani kwa sehemu fulani, na hupoteza pakiti kila siku. Nilishazoea, kwa sababu SACK ilikuwa inaificha hasara hiyo. Nilipoizima, kila pakiti iliyopotea iligeuka mkokoteni uliokwama barabarani, na magari yote nyuma yake yakasimama. Kama seva zako zote ziko chumba kimoja, pengine hutaona tofauti. Kwa njia mbovu kama yangu, kuzima SACK ni kujinyonga taratibu badala ya kusubiri kunyongwa.

Nimeirudisha SACK kuwa 1 na kuhamia kinga ya pili, kuwakatalia wageni wanaojitangaza kuwa wanapokea vipande vidogo kupita kiasi:

`iptables -A INPUT -p tcp --tcp-flags SYN SYN -m tcpmss --mss 1:500 -j DROP`

Hapa nilikosea mara tatu mfululizo.

Kosa la kwanza ni hiyo `-A`. Inaiweka kanuni mwisho wa foleni, na mimi juu yake nina kanuni inayokubali bandari 443, mlango wa tovuti, kwa kila mtu. Pakiti inapokelewa mlangoni kabla ya kufika kwa askari. Nililigundua kwa sababu nilijaribu: kwenye laptopu yangu niliibadilisha njia ya kwenda changu kwa kuiongezea `advmss 400`, ili ijitangaze kuwa inapokea vipande vya baiti 400 tu, nikafungua tovuti, ikafunguka bila wasiwasi. `iptables -L INPUT -v -n` ikaonyesha sifuri mbele ya kanuni yangu. Nilipobadilisha `-A` kuwa `-I`, tovuti ikagoma na namba zikaanza kupanda. Jaribio hilo halina hatari yoyote kwa seva, lifanye.

Kosa la pili: jodari na papa zina pia anwani za mtindo mpya, IPv6, nami nilifunga mlango wa IPv4 pekee. Kuna `ip6tables`, kanuni ni ile ile.

La tatu liko ndani ya tangazo lenyewe na nililiruka kwa haraka zangu. Kanuni hii inafaa tu pale `net.ipv4.tcp_mtu_probing`, mpangilio wa kerneli kujipimia ukubwa wa vipande, ikiwa 0. Ikiwa imewashwa, kerneli inaweza kujipunguzia yenyewe ukubwa wa vipande ikidhani njia imeziba, na adui hana haja ya kutangaza chochote mwanzoni. Kwenye papa ilikuwa 1. Niliiwasha mwenyewe mwaka jana kwa ajili ya VPN (njia ya siri ya mtandaoni) iliyokuwa ikikwama, nikasahau. Nimeizima, na VPN imeanza kukwama tena. Tutavumiliana nayo hadi Jumamosi.

Alhamisi, 20 Juni: kipimajoto kimenyamaza

Usiku umeme ulikatika, UPS ikachoka, pono ikazimika. Ilipoamka haikuwa na kanuni hata moja, kwa sababu sikuihifadhi. `apt install iptables-persistent`, kisha `netfilter-persistent save`, kwa zote. Dakika 10, lakini pono ilishinda uchi tangu alfajiri hadi saa 5.

Mchana nikaona chumba cha seva kimeganda kwenye nyuzi 24 tangu jana. Joto la Tanga halikai namba moja siku nzima. Kipimajoto hicho nilikiunda mwenyewe kwa kidude chenye kumbukumbu ndogo sana, na kumbe kinatangaza kwamba kinapokea vipande vya baiti 360. Kanuni yangu ilikuwa inamfukuza mtoto wangu mwenyewe. Nimekiwekea ruhusa kwa anwani yake, juu ya kanuni ile. Ukiweka kinga hii, kaa uangalie ni nani anakataliwa kwa siku moja mbili: mita, kengele za wizi, mashine za zamani za mahudhurio.

Leo pia nimemaliza orodha ya vitu ambavyo si seva. Fayawoli yetu ni FreeBSD 12. Tundu lake ni CVE-2019-5599, na linagusa wanaotumia RACK tu, toleo mbadala la TCP; `sysctl net.inet.tcp.functions_default` imejibu `freebsd`, basi, tuko salama. Ruta za matawi zina Linux ya kale ndani yake, lakini ruta inayopitisha pakiti za wengine haisomi SACK za humo. Inayoweza kuanguka ni ile inayoongea TCP yenyewe, kwa mfano ukurasa wake wa mipangilio. Nimefunga kurasa hizo kwa walio nje, zikabaki kwa mtandao wa ndani. Kinasa picha cha kamera hakina sasisho tangu kilipotengenezwa na sitegemei kipate. Kimehamishiwa kwenye mtandao wake peke yake, kisichoonekana kutoka nje.

Jumamosi 22 na Jumapili 23 Juni: kerneli mpya

Nilianza Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ikiwa tupu. Nguru, changu na kolekole zilipita bila maneno: `apt-get update`, kusakinisha, kuwasha upya, kuangalia huduma. Kama dakika 20 kila moja.

Tasi ikakataa. Katikati ya usakinishaji ikatoa `No space left on device`. Kizigeu cha /boot ni megabaiti 236 tu, kimejaa kerneli nne za zamani ambazo hakuna aliyeziomba zikae. Hata sasisho linaloandika juu ya faili zile zile huhitaji nafasi ya muda kwa initrd (faili ya kuwashia mashine) mpya. Nimezifuta tatu kwa `apt-get purge`, nikabakiza inayotumika na moja ya dharura, kisha `dpkg --configure -a`. Onyo: usiwashe upya mashine iliyokatikia hapo kabla ya kuona usakinishaji umekamilika. Mimi niliona kwa bahati, kwa sababu nilikuwa nakodolea skrini nikila mihogo. Ningekuwa nimeviacha vijiendeshe, pengine ningepanda bodaboda saa 5 usiku.

Pono ikafuata, kisha chewa ya Dar kwa mbali, moyo mkononi kama kawaida. Jodari na papa nilizisakinishia kerneli Jumapili asubuhi, nikapanga kuziwasha upya usiku, watumiaji wakiwa wamelala.

Jioni nikaandika hati ndogo ya ukaguzi: inaingia kila seva, inauliza `uname -r`, yaani jina la kerneli inayotumika, na ikikuta `4.9.0-9-amd64` inachapa SAWA. Zote nane zikachapa SAWA. Nikaondoa kanuni za iptables, nikarudisha mtu_probing kwenye papa, VPN ikapona. Nikamtumia bosi ujumbe kwamba kazi imekwisha.

Gharama hadi hapa: lita 10 za dizeli ya jenereta Jumamosi, shilingi 22,000, vocha za data 15,000, mihogo sihesabu.

Alhamisi, 27 Juni: SAWA ya uongo

Nimeona aibu kuiandika hii, lakini ndiyo sababu ya shajara.

Leo nimeingia jodari kwa jambo lingine kabisa, nikapiga `uptime`, muda tangu mashine iwashwe, kwa mazoea. Siku 40. Nikaangalia tena. Siku 40. Mashine niliyoamini imepata kerneli mpya Jumapili haijawashwa upya tangu Mei. Papa hivyo hivyo. Usiku ule wa Jumapili niliona SAWA nane kwenye skrini, nikasahau kwamba mbili zilikuwa bado zinasubiri.

Sababu ya SAWA ile ni hii. Debian wanaporekebisha kerneli bila kuvunja upatanifu wa moduli (viongezi vya kerneli), jina linalotolewa na `uname -r` halibadiliki. Kabla ya kiraka lilikuwa `4.9.0-9-amd64`, na baada ya kiraka ni `4.9.0-9-amd64`. Tofauti iko kwenye `uname -v`. Jodari ilisema:

`#1 SMP Debian 4.9.168-1+deb9u2 (2019-05-13)`

na kolekole, iliyowashwa kweli, ilisema:

`#1 SMP Debian 4.9.168-1+deb9u3 (2019-06-16)`

Maana yake ni kwamba tangu Jumapili jioni hadi leo, siku nne, seva mbili zilizo wazi kabisa kwa dunia zilikaa na kerneli mbovu na bila kanuni ya iptables, kwa sababu niliiondoa mwenyewe. Jumatano iliyopita angalau zilikuwa na kufuli la kuazima. Hakuna aliyeziangusha. Ningeangushwa ningelijua mapema zaidi, hilo nalo ni la kuchekesha.

Nimeziwasha upya saa ile ile, mchana kweupe, nikamwomba radhi kila aliyepiga simu. Hati ya ukaguzi sasa inasoma `uname -v` na kuilinganisha na toleo la kifurushi kilichosakinishwa. Zisipolingana haichapi SAWA, inachapa jina la samaki kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 1 Julai: risiti hazitoki

Saa 3 asubuhi simu kutoka kwa mhasibu wa tawi la Korogwe.

"Kaka, shikamoo ya kazi. Risiti zimekwama. Ndogo zinatoka, ule mkupuo wa mwisho wa mwezi unafika nusu unasimama."

"Pole dada. Umejaribu kuutuma tena?"

"Mara nne. Nikiutuma na simu yangu unapita."

Hiyo ya simu ndiyo iliyonipoteza. Nikasema basi, ni njia ya tawi, nikashinda nusu siku nagombana na mtoa intaneti wao, ambaye safari hii hakuwa na kosa. Mchana tawi jingine likalalamika. Ndipo nikaanza kutazama kolekole.

`nstat -az | grep -i toobig`

TcpExtTCPWqueueTooBig ilikuwa na namba, na kila mkupuo ulipokwama iliongezeka. Kihesabio hicho kimekuja na kiraka chenyewe. Sehemu moja ya marekebisho, ile ya CVE-2019-11478, inaizuia kerneli isikatekate vipande ovyo hadi kumbukumbu iishe: foleni ya kutuma ikizidi mara mbili ya bafa (nafasi ya data inayosubiri kutumwa) iliyotengwa, kerneli inakataa kukata kipande. Kwa programu ya kawaida hilo halitokei. Yangu ya risiti niliiandika miaka mitatu nyuma, na kwenye soketi, yaani mlango wake wa mtandao, nikaweka bafa ya kutuma ya baiti 4,096. Kwa nini? Ili mstari wa asilimia kwenye skrini usogee kwa madaha badala ya kuruka hadi mia. Urembo. Bafa ndogo namna hiyo inafikia kikomo kipya mara moja, na kwenye njia inayopoteza pakiti muunganisho unaganda. Kwa simu ya yule dada ulipita kwa sababu simu inatumia ukurasa wa wavuti kupitia changu, haigusi programu ile kabisa.

Waandishi wa kerneli walishaliona. Eric Dumazet, aliyeandika marekebisho ya awali, alituma la kulegeza kikomo hicho siku chache tu baadaye. Debian 9 bado haijalipata kwenye vifurushi vyake. Sitaki kurudi kwenye kerneli ya zamani, na sitaki kujijengea kerneli yangu kwa ajili ya mstari wa asilimia. Nimefuta mstari mmoja wa msimbo, ule wa kuweka bafa, nikaiacha kerneli ijipangie. Mkupuo wa Korogwe ukapita mara ya kwanza. Mstari wa asilimia sasa unaruka kutoka 0 hadi 100 kama chura, na hakuna aliyeulizia.

Nilipokuwa humo nimeweka pia `net.ipv4.tcp_min_snd_mss`, mpangilio mpya uliokuja na kiraka kwa ajili ya CVE-2019-11479, tundu la kulazimishwa kutuma vipande vidogo kupita kiasi. Bila kuguswa unabaki 48 kama zamani, yaani tundu hilo la tatu limefungwa mlango bila komeo. Nimeweka 500 kila mahali, isipokuwa tasi, inayoongea na kipimajoto, ambayo ina 256.

Jumapili, 21 Julai: deb9u4, na habari za dagaa

Jana Debian wametoa 4.9.168-1+deb9u4. Imeziba tundu jingine, CVE-2019-13272, la ptrace (njia ya programu moja kuichunguza nyingine), na ndani yake kuna lile rekebisho la bafa ndogo. Nimeziwasha zote nane leo kuanzia saa 1 asubuhi, nikamaliza saa 4. /boot zote nilizisafisha jana usiku. Hati ya ukaguzi ikapiga kelele JODARI kwa dakika mbili ilipokuwa bado inaamka, nikafurahi kuisikia.

Imebaki dagaa. Hii ni kontena la aina ya OpenVZ, halina kerneli yake. Ndani ya Debian 9 ukipiga `uname -r` unajibiwa 2.6.32 yenye mkia mrefu, ya mwenye nyumba. Hiyo iko ndani kabisa ya matoleo yenye ugonjwa, nami kama mpangaji siwezi kubadilisha paa. Niliandika barua tarehe 18 Juni, nikajibiwa kwa mashine. Nikaandika tarehe 25, nikaambiwa "tunalifanyia kazi". Tarehe 2 Julai niliwauliza swali moja tu: kerneli ya mwenyeji ni ya tarehe gani? Kimya.

Huduma iliyokuwa dagaa, ukurasa wa ratiba ya malori, nimeihamishia changu kwa saa mbili. Kodi ya dagaa imelipwa hadi Septemba, hairudishwi, hiyo nimeiandika kwenye gharama: shilingi 27,000. Leo mchana nimeingia kufuta faili za mwisho nikakuta uptime ya siku sita. Wameiwasha upya bila kumwambia mtu. Nikapiga `uname -v` kuona tarehe. Ni ya Juni hii.

Nimeiacha ikae hadi Septemba. Kipimajoto kitatuma nakala ya namba zake huko.